Simba kwenye Kibao, Roketi kwenye Tovuti

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyotundika kibao changu cha kwanza hapa mtaani Buyenzi. Nilikuwa kijana, fundi wa karabai, zile taa za mafuta za wavuvi wa ziwa letu. Shule niliiachia darasa la tatu, lakini mikono ilijua kazi, na sioni haya kusema. Kwenye kibao nilichora simba, ndege na nyota saba. Watu walisimama, wakasifu, wakaenda zao. Wiki nzima sikushika taa hata moja.

Siku ya nane akapita mama mmoja kutoka Ruziba na karabai mkononi. Akamtazama simba wangu, akaenda kutafuta fundi mbele. Mzee Hamisi, fundi baiskeli wa mlango wa pili, aliona yote.

"We kijana," akaniambia taratibu, "kibao chako kinasema we ni hodari. Hakisemi unamufanyia mutu nini."

Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikamfuta simba, nikachora taa tu, inawaka. Nyumba hii ya matofali ndiyo matokeo yake.

Sasa juzi mjukuu wangu Zainabu, anayesoma Kamenge, alikuja amekunja uso. Yeye na wenzake wana klabu ya kuhimiza watu waunge mkono safari za anga za juu. Walitengeneza tovuti ili wazazi waisome na kuwaruhusu watoto wajiunge. Hakuna mzazi aliyejiandikisha, na mkuu wa shule amesema Ijumaa ikifika bado hali ni hiyo, klabu inafungwa. Akaniomba niipime tovuti yao pamoja na nyingine mbili za nje, za Kifaransa. Nikamwambia amefika kwa fundi mwenyewe.

Kipimo changu ni kimoja. Nilimpa simu jirani yetu Mama Furaha, muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, aliyetoka Uvira na anayesoma Kifaransa, nikahesabu mpaka kumi, nikamnyang'anya. Kisha nikamuuliza, hawa watu wanataka nini kwako? Tovuti ya kwanza ya nje, akasema ni filamu. Ya pili ina maneno machache. Akasema wanataka raia waiombe serikali isiache kuchunguza nyota. Hiyo imefaulu. Ikaja ya Zainabu, roketi imejaa kioo kizima.

"Hawa wanauza tiketi ya mwezini," akasema Mama Furaha. "Apana, mi siendi. Ndagala nitamuachia nani?"

Tulicheka, hata Zainabu, ingawa machozi yalikuwa karibu. Akakaa palepale akaifuta roketi. Akaandika kwamba kuna mitambo inayozunguka huko juu, inaona mawingu ya mvua kabla mtaa wa Buterere haujafurika, tunataka mtoto wako ajifunze kuisoma, mlete Jumamosi. Mama Furaha akasoma mara mbili.

"Wa kwangu ana miaka kumi na mbili. Mutamupokea?"

Ijumaa klabu ilikuwa na wazazi kumi na mmoja waliojiandikisha, na haikufungwa.

Mwanangu, wanasema kizuri chajiuza. Uongo. Kizuri nacho kinahitaji mdomo. Ukiwa na jambo kubwa, anza na unachomtakia mtu na unachomwomba, mapambo yafuate. Halafu mwonyeshe asiyelijua, usimsaidie kujibu, na akikosea usimwite mjinga. Nyani haoni kundule. Mungu akupe neno lililo wazi, akupe na sikio la kulipokea, na kazi ya mikono yako isikose mwenye kuihitaji. Amina.