Siku Waliyokataa Kutwikana

Aliyekulia kwenye nyumba yenye bomba huenda hajaliona jambo hili, kwa hiyo nitalieleza. Ndoo iliyojaa maji ni vigumu kuipandisha kichwani peke yako. Unaweka ngata, unapiga goti, mwenzako anashika upande mmoja na wewe upande wa pili, mnainua pamoja. Unamwambia, "Nitwike," naye anakutwika. Ufukweni Ujiji hakuna anayemnyima mwenzake hilo, hata kama jana walitukanana.

Nilihamishiwa Kigoma nikiwa mwalimu kijana wa historia, nikapanga chumba mtaa wa Kasingirima. Jirani yangu alikuwa bibi wa Kiha, muuza dagaa. Siku moja, akiwageuza dagaa wake kwenye chanja, alinisimulia habari za mama wa bibi yake.

Mama huyo alitekwa ng'ambo ya ziwa, akavushwa hadi Ujiji pamoja na wanawake wenzake, wakapewa pembe za ndovu wazibebe mpaka pwani. Walilala kambi ya kwanza, si mbali na mji. Asubuhi wakaamriwa watwikane. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari. Akaweka mikono nyuma. Wa pili naye akaweka mikono nyuma, na wa tatu, hadi wa mwisho. Walinzi wakawachapa. Wakajaribu kuwatwika wenyewe, lakini kila aliyetwikwa aliinamisha shingo tu, pembe ikaanguka. Siku tatu msafara haukutoka. Wawili walikufa kwa fimbo. Mwishowe mwenye msafara akatafuta wapagazi wengine, na wale wanawake akawauza papo hapo Ujiji.

"Hawakupata uhuru," bibi aliniambia. "Walikaa tu. Mimi niko hapa kwa sababu walikaa. Sasa wewe unajua kuandika. Iandike hivyo hivyo, wajukuu zangu wasije wakaipoteza."

Niliiandika, lakini si hivyo hivyo. Nilipofika kwenye ile asubuhi, kalamu ilisita. Nilijiuliza ni nani atakayenunua kitabu cha watu walioweka mikono nyuma. Nikamleta kijana mwenye kifua kipana, nikampa panga, nikachoma kambi moto, na watumwa wote wakakimbilia milimani upande wa Kalinzi wakiwa huru. Kitabu kikachapishwa. Nilifurahi sana, sitaficha.

Bibi hakujua kusoma, akaniomba nimsomee. Nilikaa kwenye mkeka wake Jumamosi nzima. Alisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye panga.

"Huyu ametoka wapi?"

"Nimemwongeza, bibi. Ni hadithi."

"Kumbe hao wako walikuwa na bahati. Wamefungwa minyororo, na panga wamepewa." Akacheka, nami nikacheka. Kisha akauliza, "Na mama wa bibi yangu umemweka wapi?"

Nilipekua kurasa, nikampata. Alikuwa na mistari miwili: mwanamke aliyelia moto ulipowaka.

Bibi aliokota dagaa mmoja aliyeanguka mchangani, akampuliza, akamrudisha chanjani. "Hakulia," alisema. "Utarekebisha, mwalimu?"

"Nitarekebisha, bibi. Kikichapishwa tena."

Kilichapishwa tena baada ya miaka minne. Mchapishaji aliniuliza kama nina masahihisho. Wakati huo nilikuwa nimehamia shule nyingine, nina madaftari ya kusahihisha, na kitabu kilikuwa kinapendwa kama kilivyo. Nikajibu kwamba sina. Kazi yenyewe ingechukua wiki mbili, labda tatu.

Mwaka jana nilipigiwa simu kwamba bibi amefariki. Nilifika msibani siku ya pili, nikakaa mkekani pamoja na wengine. Mjukuu wake, dada mwenye sauti nzuri ambaye ni muuguzi, alikuwa anawasimulia wageni asili ya ukoo wao. Akafika kwenye ile kambi. Akamleta kijana mwenye kifua kipana. Akachoma moto. Alisimulia vizuri kuliko nilivyoandika, na wageni waliguna kwa fahari.

Alipomaliza nilimwambia, "Mwanangu, bibi mwenyewe hakunisimulia hivyo." Nikaeleza habari za mikono nyuma, pole pole, kama ninavyoeleza darasani. Walinisikiliza kwa heshima.

"Hata mimi bibi alikuwa ananiambia hivyo," alisema yule dada. "Nikamwambia, bibi, umezeeka, unasahau. Nikamletea kitabu, nikamsomea mwenyewe."

"Akasemaje?"

"Tangu siku hiyo hakuisimulia tena." Akanitazama kwa upole, kama anayemtuliza mgonjwa. "Lakini mwalimu, si wewe uliyekiandika?"

Nilimjibu kwamba ni mimi. Mzee mmoja kando yangu akasema ya kitabuni ndiyo tamu zaidi, watu wakakubali, kisha chakula kikaletwa.