Rubi na Ganeti Chini ya Kitenge

Mpwa wangu anaitwa Rubi, na jina hilo nilimpa mimi. Siku dada yangu Imelda alipojifungua, nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka machimbo ya Saza na jiwe jekundu mfukoni, kubwa kama punje ya kahawa. Nikamzawadia dada, nikamwambia ni rubi. Nani angenibishia? Darasa la saba nililisoma mara mbili; pale kijijini Itaka hakuna aliyenizidi.

Miaka ishirini na minne dada amelitunza ndani ya soksi ya kichanga. Binti naye akakua, siku hizi anachambua vito kwa dalali mmoja Tunduma. Ana mikono mitulivu huyo! Akishika jiwe hulinyamazia kwanza, kama anayesikiliza mtoto aliyelala anavyopumua. Hilo hakurithi kwangu. Mimi nikishika jiwe nalitangaza.

Wiki iliyopita alikuja nyumbani kwa ajili ya sendofu yake ya Jumamosi, sherehe ya kumuaga bibi harusi. Dada alishapanga kumkabidhi jiwe lile mbele ya wakwe na kulitangaza kuwa rubi. Binti akanivuta nyuma ya jiko.

"Mjomba, nimelikagua. Lile ni ganeti."

"Ganeti ndiyo nani? Mdogo wake rubi?"

"Hata ukoo si mmoja. Na baba mkwe wangu, baba yake Ezron, anachimba vito, atalitambua papo hapo. Mama ataaibika."

"Basi tunyamaze mpaka Jumamosi ipite."

"Nyamaza wewe. Mimi namwambia leo."

Alikuwa ameazima rubi ya kweli kwa tajiri wake, yule dalali. Kwenye mizani ndogo mawe yakakaribiana uzito, nikashangilia. Nilishangilia mapema. Binti akajifunika kitenge pamoja na mama yake, mchana kweupe, wapate giza. Nikapenyeza kichwa, maana kesi ilikuwa yangu. Akawasha tochi ya zambarau, ile ya wabadili fedha wa mpakani ya kukagulia noti. Rubi ya tajiri ikawaka kama kaa la moto. Jiwe la dada likabaki jeusi tii.

Dada akanigeukia humo humo gizani.

"Zebedayo."

"Naam, dada."

"Ulinidanganya."

"Sikukudanganya. Nilikosea kwa kujiamini."

Hakucheka. Binti akafunua kitenge, akaleta bakuli la maji, akaelesha kizibo cha plastiki na kuweka rubi juu yake. Akasogeza sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu. Rubi haikujali. Akaweka la mama yake. Kizibo kikatikisika, halafu taratibu kikaanza kuifuata sumaku.

"Lina chuma ndani, mama. Rubi ni ngumu zaidi, inaweza kulikwaruza hili. Ila hili ukiliita, linakuja."

"Rudia," dada akasema.

Akarudia mara tatu. Ya nne dada akamnyang'anya sumaku.

"Na jina lako je, mwanangu?"

"Nimeshalizoea. Wa kubadilishwa jina ni mjomba."

Hapo ndipo dada alipocheka, machozi yakimtoka.

Jumamosi alisimama mbele ya wakwe na bakuli lake la maji. "Hili ni ganeti," akasema. "Kaka yangu alikosea, mimi nikalipenda hivyo hivyo. Nampa mwanangu." Akaliita, likaja. Watu wakapiga vigelegele, na mama yake Ezron akaomba sumaku ajaribu na yeye. Wakainama yeye na dada juu ya bakuli, wakisukumana mabega, pilau likapoa.