Gisenyi na Goma ni pua na mdomo, lakini barua pepe ilipitia Marekani na ndugu wawili wakakosana

Wakuu, habari za humu ndani.

Nimepita kwenye ule uzi mnaobishana kwa nini intaneti yetu inazunguka nje wakati anayetuma na anayepokea wako mtaa mmoja. Wengine mnaona ni jambo la kuchekesha. Mimi sicheki, na ngoja niwaambie kwa nini. Haya niliyaona kwa macho yangu, na atakayesema nimetia chumvi aniulize chochote, nipo.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Gisenyi, Rwanda. Mimi ni mmoja wa wale tuliokulia Karagwe tukarudi nyumbani na Kiswahili cha Tanzania, watu wa pale wakawa wanatucheka kwamba tunaongea kama redio.

Nilipata kazi ya ufundi kwenye ofisi ndogo ya barua pepe, karibu kabisa na Grande Barrière, yaani geti la kuvukia Goma.

Msifikirie internet cafe. Wateja wetu wengi hawakugusa keyboard hata siku moja. Mtu anaingia, anasema maneno yake, sisi tunaandika na kutuma. Jibu likija, akipita tunamsomea.

Mmoja wao alikuwa Espérance, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, wa mtaa wa Nengo. Kila akitoka ziwani na beseni lake alichungulia mlangoni: "Kwangu iko kitu?" Mama yake mzazi aliishi Goma na mdogo wake Espérance, kijana anaitwa Bahati. Simu ya kuvuka mpaka ilikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo wao waliandikiana kupitia sisi.

Goma kulikuwa na ofisi kama yetu, ya tajiri mwingine. Fundi wao alikuwa rafiki yangu, Kambale. Ukipanda juu ya paa letu unaliona dishi lao.

Sasa sikilizeni upuuzi wenyewe.

Sisi tulikuwa tumeunganishwa na Kigali kwa laini ya simu, nao Kigali walipita kwa satelaiti mpaka Marekani. Goma, dishi lao lilikuwa linaongea na Ubelgiji. Kwa hiyo Bahati akimwandikia dada yake, barua inaruka Ulaya, inavuka bahari kwenda Marekani, inashuka Kigali, halafu inapanga foleni kwenye ile laini ya simu ambayo mvua ikinyesha Kanama, njiani kuja kwetu, inakatika.

Kwa wasiojua: mitandao miwili haiungani kwa sababu tu imekaa jirani. Lazima wenye mitandao wakubaliane mahali pa kukutana na kupeana mizigo. Wasipokubaliana, kila mmoja anakwenda kuomba njia kwa wakubwa wa mbali.

Mwanzoni haikuwa shida, wateja walikuwa wachache. Halafu watu wakanogewa. Zikaanza picha za harusi, mashirika yakaanza kutuma mafaili manene, foleni ikawa inalala.

Mimi na Kambale tukachoka kutukanwa na wateja. Tukaomba ruhusa ya kujaribu, tukafunga antena, yeye kwenye paa lake na mimi kwenye langu, zikatazamana. Barua za Goma zikawa zinakuja moja kwa moja. Wakuu, ilikuwa raha! Bahati anatuma, Espérance akiwa bado mlangoni kwetu na beseni lake anajibiwa.

Kambale alikuwa na mtindo wake. Akishabonyeza kutuma, anamgeukia mteja na kumwambia, "Imefika." Na kweli ilikuwa imefika.

Link ikazidi kutumika. Hapo ndipo mabosi walipoanza kuitazama.

Wakakutana kwenye hoteli moja ya ufukweni, brochette, yaani mishikaki, mezani, mimi na Kambale tumekaa pembeni tukidhani wanakuja kupongezana. Bosi wangu, aliyerudi kutoka Uganda, akaanza: "Sisi ndio wenye mtandao mkubwa. They should be our customers."

Tajiri wa Goma akaja juu. "Mi niko client ya nani? Jamais! Watu yenu njo wanaandikia watu yangu. Nyinyi njo ma-client!"

Nikajaribu kusema kwamba hakuna mteja hapo, ni majirani wawili wanapeana vitu juu ya ukuta, kila mmoja anapunguza mzigo kwenye laini yake ya mbali. Bosi akaniambia nile nyama yangu.

Kesho yake tukaamriwa kushusha antena. Wote wawili. Link inafanya kazi vizuri kabisa, inashushwa kwa sababu wanaume wawili wazima kila mmoja anavutia kwake cheo cha ukubwa!

Barua zikarudi kuzunguka dunia. Lakini mdomo wa Kambale ulikuwa umeshazoea. Anabonyeza, anageuka: "Imefika." Wateja wake nao walikuwa wameshazoea kumwamini.

Haukupita muda, mpaka wa Rwanda na Kongo ukafungwa kwa ajili ya usalama. Ikatangazwa kwamba Jumamosi asubuhi utafunguliwa kidogo watu wapite, kisha ufungwe tena.

Jumatatu laini yetu ikapumua, mizigo ikashuka. Espérance akachungulia kama kawaida. Nikamsomea ya Bahati, iliyotumwa Ijumaa ("yaya" kwao ni dada mkubwa): "Yaya, mama iko mubaya sana. Anakuita. Samedi barrière itafunguliwa, uvuke."

Akatua beseni chini.

"Ayiwe! Samedi? Samedi mi nilikuwa pale pale kwa barrière, nauzisha sambaza!"

Jumamosi ile alikuwa amekaa hatua chache kutoka getini, geti liko wazi, watu wanapita mbele yake. Hakujua.

Mpaka ulipofunguliwa tena, mama alikuwa ameshazikwa. Espérance alivuka, akafika nyumbani, Bahati akamtazama na kufunga mlango. Kwa Bahati mambo yalikuwa wazi: fundi alimwambia barua imefika, mpaka ulikuwa wazi, dada akachagua samaki.

Espérance akarudi ofisini kwetu akilia, akaniuliza kama ni mimi niliyeficha barua ya mama yake. Nikaacha kazi, nikaenda naye.

Tukavuka, tukampitia Kambale, tukamkuta Bahati uani. Nikamweleza njia yote, Ubelgiji, Marekani, Kigali. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mi kutoka hapa naona paa yenu," akasema. "Sasa barua yangu ilienda Amerika kufanya nini? We unaniona mujinga? Kama munatafuta uongo, mutafute ya karibu."

Wakuu, alikuwa na haki! Mtu mwenye akili timamu ataaminije?

Kambale ndiye aliyepata wazo. "Bahati, kuja kwa bureau. Andika we mwenyewe, bonyeza we mwenyewe. Kisha kwenda na miguu mpaka kwa yaya yako. Tutaona nani atafika wa kwanza."

Bahati akakubali kwa hasira. Aliandika peke yake, hakutaka tuone, akabonyeza. Kambale safari hii hakusema "Imefika."

Tukatembea, tukavuka, tukafika ofisini kwetu. Bahati akakaa kwenye benchi kutazama kompyuta. Espérance akakaa upande wa pili.

Kila modem ilipolia, Bahati aliinua kichwa. Zikashuka barua za watu wengine. Yake hakuna. Mchana Espérance akamsogezea sambaza za kukaanga, akakataa. Baadaye nikaona anakula. Mimi nilikuwa naiombea ile foleni isisogee, ndiyo mara pekee maishani mwangu.

Jioni, geti lilipokaribia kufungwa, Bahati akashika kichwa.

"Donc ni kweli," akasema. Halafu akamgeukia dada yake. "Mama alikuwa anauliza tu, Espérance iko wapi? Mi namwambia, iko njiani. Mpaka mwisho namwambia iko njiani."

Walilia pale kwenye benchi mpaka wateja wakatoka nje kuwapisha. Kisha wakaondoka wakikimbilia geti ili Espérance akalione kaburi.

Nilikwenda kwa bosi na kumweleza kila kitu, nikamwomba antena zirudi. Unajua alinijibu nini? "Wao wakubali kwanza kuwa wateja wetu." Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yeye siku ile, na sioni sababu ya kuficha.

Barua ya Bahati iliingia kesho yake, chini ya mzigo wa picha za harusi. Iliandikwa hivi: "Yaya, kama hii imefika mbele yangu, mi siko tena mudogo yako. Usikanyage kwa kaburi ya mama."

Niliifuta. Espérance alipochungulia siku iliyofuata na kuuliza kama kuna kitu, nilimwambia hakuna.

Nilichojifunza: mkisikia wenye kampuni wanabishana nani mkubwa na nani amwunganishe nani, msidhani ni mambo ya mafundi. Ni mtu fulani amekaa getini, geti liko wazi, na hajui.

Mliowahi kufanya kazi kwenye hizi kampuni, semeni hapa. Na kama kuna anayeona mabosi wale walikuwa na hoja, aje aitetee, ila ajibu kwanza: angemwambia nini Bahati?