Mutamaiyo Ndani ya Sufuria

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu zamani. Mlango wa jirani ukibamizwa, tayari nimeshamzika mtu. Kwa hivyo sijui mama wa nyumba ya pili aliwaza nini kunichagua mimi. Siku mtaa wetu wa Yamumbi ulipoanza kufuka moshi baada ya matokeo ya kura, alisimama upande wake wa ua, mkoba begani, akanipitishia sufuria kuukuu yenye matundu chini. Ndani yake mlikuwa na mti usiofika gotini, shina limepindapinda kizee, matawi yamefungwa waya.

"Nitunzie mutamaiyo yangu," alisema. "Maji kidogo tu. Nitairudia."

Alikuwa mwalimu mstaafu, na miti midogo ya namna hiyo, aliyoiita bonsai, ndiyo iliyokuwa starehe yake. Lori likamchukua yeye na wengine hadi kambini kwenye uwanja wa maonyesho. Kabla ya jioni nyumba yake ilikuwa majivu.

Mutamaiyo ni jina la lugha yake. Sikujua ni mti gani, na siku zile halikuwa neno la kutembea nalo. Ningemuuliza nani? Vijana walisimama barabarani wakiwapima watu kabila kwa matamshi. Swali dogo tu la mti lingewaambia nimehifadhi kitu cha nani. Basi nikauficha chumbani nyuma ya pazia, kama watu walivyokuwa wakifichwa, na kwa hofu nikaunywesha maji kila nilipopita. Majani yakaanza kuanguka. Nililia, eti kwa sababu ya mti. Nilikuwa nimejiambia kwamba ukiishi, naye atarudi, na sasa nilikuwa nauua kwa kikombe.

Tawi moja lilikauka kabisa. Nikalikata, nikalitupa kwenye moto jikoni, nikarudia ugali wangu. Moshi uliponifikia nilisimama na mwiko mkononi. Ilikuwa harufu ya kibuyu cha mama yangu, kinaposuguliwa ndani kwa kijiti chenye kaa kabla ya kutiwa mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Nikakimbia chumbani, nikageuza jani: juu kijani kizito, chini rangi ya dhahabu iliyofifia. Emitiot, mzeituni mwitu kwa lugha yetu! Mti niliotumwa kuukata tangu utotoni, nikashindwa kuutambua kwa kuwa ulikuwa mfupi na umeletwa kwa jina la wengine.

Emitiot huzoea mawe na kiangazi. Nikautoa nje juani, nikauacha udongo ukauke kabla ya kuumwagilia tena, nikafungua waya zilizoanza kukata gome. Siku moja kijana wa kizuizi cha barabarani alisimama langoni.

"Hii mti ni ya nani?"

"Ni yangu. Ni emitiot."

Akaenda zake. Nikafunga lango kwa kufuli.

Mti ukachipua. Kura nyingine zikaja na hofu yake, zikapita. Hatimaye jirani yangu akaja, amekonda, nywele nyeupe zote. Nilianza kumwonyesha mahali anapoweza kujenga upya, na nani angemsaidia kuchimba msingi. Aligeuza jani, akaliangalia chini.

"Kumbe umeniwekea vizuri," alisema. "Nimekuja kuichukua tu, mama."

Miaka yote niliogopa mti usije ukafa kabla hajarudi. Sikuwahi kufikiri kwamba angeurudia mti tu. Nilihisi vibaya sana, lakini nikamsimulia jinsi ulivyonihangaisha, na jina lililouokoa. Alicheka, akalijaribu mara kadhaa hadi nikamwambia amelipata.

Nilimsindikiza langoni. Mwendesha bodaboda, mtu mchangamfu tu, alisimamisha pikipiki.

"Mama, hiyo mti fupi ni ya aina gani?"

Jirani yangu aliikumbatia sufuria kifuani. Akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye.

"Emitiot," alisema polepole, akichunga kila herufi.