Mwanafunzi Aliyeanzia Kulia

Usiku ule nililala na hasira, na hasira zenyewe sikujua nazielekeza kwa nani. Mchana wake darasani nilikuwa nimekaa na watu wawili. Wawili, jamani! Darasa la akina mama la maktaba yetu ya jamii pale Muheza, ambalo mwanzo lilikuwa na wanawake kumi na tisa, na Jumamosi walikuja na watoto na wajukuu wakasoma nao vitabu vya picha mpaka mikeka ikawa haitoshi. Sasa wawili, na mmoja wao alikuja kukimbia jua. Mwenyekiti wa kamati alinifuata mlangoni akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi, "Mwalimu Zuhura, wasiporudi mwezi huu chumba itabidi tumpe fundi cherehani. Usinichukie bure."

Nikamwambia mpeni, na mtundike mapazia. Mimi nina ulimi, sikatai. Nikaenda zangu nyumbani, sikula, nikajilaza na kanga yangu ya kutwa, nikawa nawasema wale wanawake kichwani mmoja mmoja. Wavivu. Wameletewa kisomo mlangoni, wanakipiga teke. Miezi mingapi nimejiuliza kwa nini wameacha, na kila siku jibu langu lilikuwa kwamba kosa ni lao wao, si langu. Ndipo usingizi ukanichukua.

Kabla sijaisimulia ndoto, nimtaje Bi Mwanaidi, maana bila yeye hamtaelewa kitu. Alikuwa mwanafunzi wangu, mtu mzima wa kunizaa, mguu wake mmoja umevimba, anatembea kwa kuuburuta. Alikuja kujiandikisha akasema, "Mwalimu, nataka nimsomee mjukuu wangu Rehema vile vitabu vyenu vya picha." Mwalimu, ananiita mimi, mtoto wake. Kwenye fomu kuna mahali pa kutia alama: anajua kusoma, hajui kusoma. Nilimtazama ule mguu, nikaitazama kanga iliyopauka, nikatia alama kwenye hajui. Wala sikumuuliza. Ukutani nyuma yangu nilikuwa nimeandika kwa rangi, kwa mkono wangu mwenyewe, kuuliza si ujinga. Ya wanafunzi hiyo, si ya mwalimu!

Siku moja nikawaita ubaoni kuandika neno mama. Bi Mwanaidi akajikongoja, akashika chaki, akaanzia mkono wa kulia wa ubao, akawa anarudi kushoto. M, halafu a upande wake wa kushoto, halafu m nyingine, halafu a. Alipomaliza, ubao ulisomeka amam. Nami, kwa ulimi wangu huu usio na mfupa, nikasema, "Loo! Bibi, huyu Amam ni nani? Ni mgeni wako?" Darasa likaangua kicheko. Nikacheka na mimi. Yeye akaiweka chaki mahali pake, akapangusa vidole kwenye kanga, akarudi kukaa. Kesho yake hakuja. Wiki ya pili nikamtuma mtu akamwulize kulikoni, akaambiwa mguu unamsumbua. Nikaona basi. Baada ya miezi mitatu tukamzika. Nilikwenda msibani, nikakaa na wenzangu, nikala, nikaondoka bila kumtazama usoni binti yake, Salama, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wangu na naye alikuwa ameacha.

Basi. Usiku ule nikaota nafungua maktaba. Ni asubuhi, jua lile la baada ya mvua, na njia nzima inanukia maganda ya machungwa. Nimeshika ufunguo wangu lakini mlango umehama. Kitasa kipo upande wa bawaba, bawaba zipo upande wa kitasa. Nauzungusha ufunguo kama nilivyozoea, unagoma. Nauzungusha kinyume, mlango unafunguka wenyewe taratibu, na ndani kuna mtu amekaa kwenye meza yangu.

Ni Bi Mwanaidi. Amevaa kanga ileile, lakini haikupauka tena, rangi yake imerudi mpaka inaumiza macho. Ananyanyuka kunipokea. Anatembea! Mguu umepona, anatembea kama msichana aliyetumwa dukani. Nikarudi nyuma hatua moja, maana hata ndotoni nilijua kwamba huyu tumemzika.

"Zuhura," akaniita. Hakusema mwalimu.

Wazee wetu wamesema, marehemu akikuita ndotoni usiitike. Nimelisikia hilo tangu mdogo, na mwenyewe nimewaonya wengine. Lakini ile sauti ilikuwa ya mama kabisa, sijui niseme vipi, nikajikuta nimeshaitika, "Abee."

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa na joto. Akanivusha kwenye mlango wa chumba cha darasa, na ndani hakuna darasa tena, kuna chuo. Chuo cha Kurani nilichosoma utotoni, nikakiacha nikiwa na miaka tisa nilipopelekwa shule ya serikali. Mikeka ileile, zile mbao za kuandikia zimeegemezwa ukutani zikauke. Ila chuo changu kilikuwa na watoto thelathini, na hiki hakina mwisho. Natazama mbele sioni ukuta. Wamekaa wanawake, safu kwa safu, mpaka kule ambako macho yanashindwa, na kila mmoja ana daftari mapajani, na kila daftari limefunguliwa kwa upande ule ambao sisi tunauita nyuma.

Wanasoma. Si kwa pamoja, kila mtu na lake, ila sauti zinavuma kama nyuki ndani ya mzinga, na mkeka chini ya miguu yangu unatetemeka. Nilidhani ni Kurani. Nikatega sikio. Si Kurani peke yake, kuna Kiswahili! Kiswahili chetu hiki hiki. Mmoja anasoma barua ya mumewe aliyekwenda kukata mkonge. Mwingine anasoma dawa ya homa ya mtoto, majani gani, uchemshe vipi. Mwingine anasoma shairi la harusi na kucheka mwenyewe. Bi Chausiku, aliyekuwa akituuzia maandazi shuleni, marehemu wa siku nyingi yule, alikuwa anasoma siku walizozaliwa watoto wake wanane, na saa, na kama mvua ilikuwa inanyesha. Nikachungulia daftari lake. Maneno ya Kiswahili, yameandikwa kwa herufi za Kiarabu, yametoka kulia yanakwenda kushoto, mistari imenyooka kuliko yangu.

Nikainua macho nikawatazama nyuso. Hawa wote ninawajua. Ni wanawake wa mji wangu, mabibi wa wenzangu. Hawa ndio ambao maisha yangu yote nimesema masikini, hawakusoma.

Sasa Bi Mwanaidi ameniketisha katikati yao. Ananiwekea daftari mapajani. "Soma," anasema.

Naliangalia. Zile herufi nazikumbuka kwa mbali, kama nyuso za watu niliosoma nao. Ile ya kwanza ni alifu, imesimama. Halafu kuna kinukta chini, nacho ni ba au ni nini? Nasema, "A... ab..." Nakwama. Naanza tena. Naweka kidole chini ya herufi, kidole kinatetemeka, jasho linanitoka, natamani kwenda kujisaidia ili nitoke tu pale. Haya yote nimeyaona kwa wanafunzi wangu! Kile kidole, lile jasho, kule kuomba ruhusa kila saa. Na mimi nikawa nawaambia, haya, haraka, wenzako wanasubiri.

Sauti zikakoma. Wote wakanitazama, safu kwa safu. Nikajikunja kusubiri kicheko, maana najua hapo ndipo kinapokuja.

Hakikuja. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wananingoja, basi, kwa macho ya upole, na kule kungojwa kukanivunja vibaya kuliko ambavyo kicheko kingenivunja. Nikalia. Nikalia kwa kwikwi mbele ya wafu wa Muheza wote.

Bi Mwanaidi akatoa fomu. Ile ile fomu yangu ya maktaba, naijua mpaka doa lake. Akashika kalamu. Sasa yeye ndiye mwalimu na mimi ndiye niliyekuja kujiandikisha, na nikajua anakwenda kutia alama wapi. Nikasema moyoni, haki yake. Atie.

Akanitazama, akauliza, "Unajua nini, mwanangu?"

Hilo swali, wallahi, sijawahi kuulizwa na mtu. Wala sijawahi kumuuliza mtu. Nikafuta machozi kwa ncha ya kanga. Nikafikiri. Nikaogopa kudanganya, mahali pale hapadanganyiki. Mwisho nikasema, "Najua alifu."

Akaandika. Akayasoma aliyoyaandika kwa sauti, ili wote wasikie: "Zuhura, anajua alifu."

Wakapiga vigelegele. Mwenyezi Mungu shahidi yangu, vilianza safu ya mbele, vikaenda nyuma, vikaenda mbali mpaka nikadhani vimekwisha, kisha vikarudi vimekuwa vikubwa zaidi, na mle ndani mkawa mweupe nisiweze kufumbua macho. Kwa alifu moja! Sijawahi kujiona mdogo namna ile, na sijawahi kupendwa namna ile.

Bi Mwanaidi akainama sikioni kwangu. Akasema, "Salama amekaa nyumbani na wenzake. Mfuate mwenyewe. Usitume mtu."

Nikataka kumwomba radhi. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni adhana. Allahu akbar, Allahu akbar, msikiti wa sokoni, na mimi nipo kitandani, mto umelowa chapachapa.

Sikungoja chai. Nikaswali, nikajifunga kanga nyingine, nikashika njia ya Salama kabla watu hawajafungua maduka. Nilimkuta uani anafagia. Aliponiona hakusalimu wala hakuacha kufagia.

Nikasema, "Salama, nimemwota mama yako."

Ufagio ukasimama. Akauliza kwa sauti ndogo, "Yukoje?"

"Anatembea vizuri. Ule mguu umepona kabisa."

Akaziba mdomo kwa kanga, akachuchumaa palepale, akalia. Nami nikachuchumaa karibu yake, kwenye vumbi. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa lile neno la siku ile ubaoni, na kwamba nimechelewa, na kwamba nisingekuja kama nisingesukumwa. Nikamwuliza nililotakiwa kuliuliza siku ya kwanza: mama yako alikuwa anajua kusoma?

Salama akainua uso. "Kusoma? Mwalimu, mtaa huu mzima barua zao walisomewa na mama. Alisoma, akaandika, akatufundisha sisi wanawe, na hawa jirani zangu wote. Kwa zile herufi za Kiarabu. Hizi zenu za kizungu ndizo alizokuwa hazijui."

"Mbona hakuniambia?"

"Hukumuuliza. Na siku ile ulipomcheka, wenziwe waliomcheka ni wageni wa mji. Sisi aliotufundisha tulinyamaza. Ulidhani tutakaa pale tena?"

Nikainamisha kichwa. Mimi, Zuhura, mwenye ulimi!

"Tulitaka tuje tukuseme," Salama akaendelea. "Yeye akakataa. Akasema mwalimu ana hasira tu, hana roho mbaya, atakuja mwenyewe. Kila Ijumaa alikuwa ananiambia nitandike mkeka mzuri, mwalimu wangu leo atapita. Hata Ijumaa ile aliyofariki niliutandika."

Nilishika magoti nikainama. Nilisikia maumivu ya kweli, hapa, chini ya titi. Salama akaniacha nilie, hakunibembeleza, na alikuwa na haki. Kuku wakapita katikati yetu wakidonoa. Nilipopumua nikamwambia mama yako ameniagiza nikufuate mwenyewe, nisitume mtu, nami salamu nimeifikisha, uamuzi ni wako.

Alisimama akakung'uta kanga. Alinitazama muda mrefu, na macho yale niliyajua yametoka kwa nani.

"Ingia unywe chai kwanza, mwalimu," akasema. "Halafu tupite nyumba kwa nyumba, mimi na wewe. Ujiandae, wenzangu wana hasira kuliko mimi."