Kikapu cha Mwisho cha Bukavu

Saluni ya Papa Saidi ilikuwa na harufu tatu, na hata leo nikifumba macho naweza kuzitenganisha. Ya kwanza ilikuwa ya spiriti aliyowapaka wateja kisogoni baada ya kuwanyoa. Ya pili ilikuwa ya mafuta ya mashine iliyokwisha kupata moto. Ya tatu iliingia kutoka nje, harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, ambao Mama Chantal aliwakaanga mlangoni katika karai jeusi kama mawe ya volkano tuliyoyakanyaga kila siku. Saluni yenyewe ilikuwa kibanda cha mbao mtaani Katoyi chenye viti viwili tu, lakini Jumapili alasiri ilimeza watu ishirini na zaidi, wengine wamekaa juu ya madumu, wengine wamening'inia dirishani. Wachache ndio waliokuja kunyolewa. Wengi walikuja kwa ajili ya timu ya mpira wa kikapu ya chuo kimoja cha hapa Goma, timu ambayo hatukuiita kwa jina lake. Tulisema "Chuo" tu, kana kwamba duniani hakuna chuo kingine. Papa Saidi, ambaye babu zake walikuja kutoka Maniema kwa biashara, ndiye aliyekuwa mkuu wa mashabiki hao, na hakuna aliyekumbuka nani alimchagua.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, na nilikuwa na kazi katika saluni ile. Chuo ilipokwenda kucheza Bukavu, ng'ambo ya ziwa, macho yetu yalikuwa mtu mmoja, Kasereka, mfanyabiashara wa maharagwe aliyepanda meli kila wiki. Alikaa kando ya uwanja akapiga simu ya Papa Saidi, nami nikajificha nayo chumba cha nyuma, mbali na kelele, nikiandika kila kikapu katika daftari langu, kaye kama tunavyosema sisi. Kila kikapu kilikuwa na mstari wake: jina la mfungaji, pointi, jumla. Sikuchaguliwa kwa kuupenda mpira. Nilichaguliwa kwa ajili ya mwandiko. Shuleni mwalimu wetu alikata pointi kwa kila doa na kwa kila neno lililofutwa, na mimi, ambaye nililia nikipata tisa juu ya kumi, nilijifunza kushika kalamu kama mtu anayebeba yai.

Jioni ya mechi, Papa Saidi alitangaza matokeo tu. Mengine aliyakataza. "Mechi hailiwake mbichi," alisema. Mechi iliiva Jumapili. Siku hiyo nilisimama katikati ya saluni nikasoma mstari kwa mstari, na kila mstari ulijadiliwa kama kesi. Walibishana juu ya nani aliyempa mpira mfungaji, na beki alikuwa wapi, na kwa nini kocha hakumtoa fulani. Wakiridhika walipaza sauti wote pamoja, "Ipite!" Hapo mstari ulikuwa umepita, na uliopita haukufunguliwa tena, hata malaika ashuke. Lakini hata mtu mmoja akikataa, au asiposema, mstari ulibaki wazi mpaka aje shahidi aliyekuwa uwanjani. Ndiyo sheria waliyojitungia watu ambao katika mji huu hawakuwahi kuulizwa kama jambo lolote lipite au lisipite. Wakati ule sikuliona hilo. Niliona tu furaha yao ya kukubaliana.

Kaka yangu Janvier alikuwa mchezaji wa Chuo. Ninamwita kaka katika maandishi haya, lakini nyumbani nilimwita yaya, kama inavyomstahili mkubwa wako. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye viganja vilivyonuka ngozi ya mpira, na mara nyingi alikaa benchi. Baba hakuupenda mchezo ule. Alikuwa mtu wa milima ya Masisi, mfugaji ambaye vita vilimwachia fimbo vikamchukulia ng'ombe, na kwake mwanamume aliyefukuza mpira akiwa na miaka ishirini na mbili alikuwa bado hajaachishwa ziwa. Shangazi yetu alikuwa na shamba la kabichi Kibumba, kaskazini mwa mji, na alihitaji mikono. Wiki ile ya mechi ya Bukavu baba alitoa hukumu mezani, mbele yetu sote. "Siku ya Mungu nitaenda kwa Saidi, nisikilize miye mwenyewe," alimwambia Janvier. "Kama batu banakutaja, utabakia na masomo yako na mupira wako. Kama habakutaji, Kibumba inakungoja." Janvier akajibu, "Ndiyo, papa." Kisha akanitazama akatabasamu, kwa sababu kaye ilikuwa yangu.

Mechi ya Jumamosi ile sijawahi kuisahau, ingawa sikuiona. Bukavu walikuwa hawajafungwa kwao muda mrefu, na mpaka dakika ya mwisho walituzidi kwa pointi moja. Kasereka alikuwa amekauka sauti. Nikasikia uwanja mzima ukinguruma ndani ya sikio langu, kisha yeye akilia, "Trésor! Trésor! Tumebapiga kwabo! Sitini na mbili kwa sitini na moja!" Nikaandika Trésor, pointi mbili, jumla sitini na mbili. Nikatoka na kumwambia Papa Saidi matokeo, na saluni ikamwagika nje. Walicheza juu ya mawe. Mama Chantal aligawa sambaza kwa mikono yake, yeye ambaye kwa kawaida hakumpa mtu hata kichwa cha samaki. Mimi nilirudi chumbani kutazama kurasa zangu. Zilikuwa nne, kutoka kikapu cha kwanza mpaka cha mwisho, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hapakuwa na neno hata moja lililokatwa. Nilizipuliza wino ukauke, nikaona raha ambayo naona aibu kuieleza.

Simu ikalia tena. Alikuwa Kasereka, ametulia sasa. "Sikiliza, mama mudogo," alisema, "nilikosea kwa furaha. Trésor alitupa, mupira ukagonga chuma ukatoka. Ni yaya yako aliruka juu ya bote akaurudisha ndani. Ni Janvier. Kata Trésor, andika Janvier. Unasikia?" Nikasema nimesikia. Nikaishika kalamu juu ya jina lile, nikaishika muda mrefu, na sikuweza kukata. Ningependa kusema kwamba nilisahau au kwamba niliitwa ghafla, lakini mficha uchi hazai, na mimi nimechoka kuficha. Ukurasa ulikuwa mzuri mno. Nikajiambia kwamba kesho nikifika hapo nitalitaja jina la Janvier kwa mdomo, na karatasi itabaki safi.

Kesho yake baba alikuja. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, akasimama nyuma yangu kabisa, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine, akawa anafuata mistari kwa macho juu ya bega langu. Baba alisoma polepole, lakini alisoma. Nilihisi pumzi yake shingoni. Watu hawakumjua, isipokuwa Papa Saidi. "Soma, mutoto, usituue roho!" walipiga kelele, nami nikasoma. Ukurasa wa kwanza haukuwa na Janvier, wala wa pili. Katika wa tatu aliingia kwa mitupo miwili ya adhabu, akapata mmoja, akakosa mmoja. "Janvier ni nani?" mmoja akauliza. "Ule mwenye anabebaka maji ya benzake!" akajibiwa. "Moja ndani, moja inje. Nusu mutu!" Walicheka mpaka madumu yakalia. Papa Saidi alikohoa kwa nguvu, lakini hakuna aliyeelewa kikohozi kile. Nikafika mstari wa mwisho. Niliona jina lililoandikwa, na nilijua jina lililopaswa kusomwa, na nilijua pia kwamba baba alikuwa analiona lililoandikwa. Mwamba ngoma huvutia kwake: nikisoma Janvier pale palipoandikwa Trésor, atasema binti anamwongopea kwa ajili ya kaka yake. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, au hivyo ndivyo ninavyojitetea. Nikasoma, "Trésor." Wakaruka, wakalipaza jina lile, wakaniinua mimi na kaye yangu. "Ipite! Ipite!" Nilipowekwa chini nikageuka. Baba alikuwa amekwisha kuondoka.

Jumatatu meli ilirudi. Janvier aliingia nyumbani na mfuko wake begani, macho yake yanang'aa, akakuta nguo zake zimefungwa. Alijaribu mara moja tu. "Papa, kile kikapu cha mwisho ni changu." Baba hakumkaripia. "Mutu hajisifu mwenyewe," alisema. "Dada yako aliandika, na yeye haandikake makosa." Wote wawili wakanitazama. Mimi nikazitazama zile nguo zilizofungwa. Janvier alinijia, akaweka kiganja chake kichwani pangu. "Wacha," alisema. "Kaye yako iko safi." Hakusema kwa dhihaka. Ingekuwa dhihaka ningeweza kuibeba.

Jumanne asubuhi alipanda pikipiki kwenda Kibumba. Mchana wake Kasereka alifika saluni na hasira. "Weye mutoto, si nilikupigia mara ya pili?" Nikasema mtandao ulikatika. Ulimi hauna mfupa. Watu walicheka, wakamwambia amechelewa, kitu kikishapita kimepita, na Janvier wenu atafunga kingine. Nilikwenda nyumbani nikiwa na makosa mawili badala ya moja, na kwa baba sikupeleka hata moja.

Janvier alilima misimu minne. Kila baada ya wiki alituletea kabichi kubwa kama vichwa vya ndama, na baba alianza kumtaja kwa wageni kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia. Kisha mapigano yakashuka kwenye barabara ya Rutshuru. Watu wa Kibumba waliteremka mjini na magodoro vichwani, na sisi tulisimama kando ya barabara tukitazama nyuso, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Shangazi alifika siku ya tatu. Alisema walikuwa pamoja mpaka kwenye njia panda, kisha Janvier alirudi nyuma kumbeba mzee mmoja jirani aliyeshindwa kutembea. Tangu hapo hatujapata habari. Hatujafanya msiba, wala hatujaacha kuufanya.

Shule niliiacha mwaka uliofuata. Kiswahili hiki ninachoandika nimejifunza mwenyewe, kwa redio na kwa kunakili magazeti ya zamani usiku na mchana, na kila sentensi naigeuza mara kumi nikiogopa kosa. Wanaonisoma husema ninaandika kwa uangalifu. Hawajui uangalifu wangu uligharimu nini. Siku hizi mashabiki wa Chuo hawahitaji binti wa kuandika. Mechi inakuja katika simu zao ikiwa mbichi, na jina likikosewa hubadilishwa hapohapo, bila kovu, kana kwamba halikuwahi kuandikwa. Papa Saidi alifariki, na saluni ina viti vya ngozi na kioo cha ukuta mzima. Watu bado wanabishana humo, lakini kila mmoja anainama juu ya simu yake, na sijasikia wakikubaliana.

Mwezi uliopita Chuo ilishinda tena Bukavu. Vijana walipita mtaani kwetu wakiimba majina, majina mapya yote. Baba alikuwa mlangoni; miguu haimchukui mbali tena. Alisikiliza mpaka wakapotea, kisha akasema, "Lete ile kaye yako. Unisomee ile ya Janvier." Nililitoa daftari sandukuni, nikamsomea kurasa zote nne, na nilipofika mstari wa mwisho nikamwambia: simu ya pili, kalamu, ukurasa mzuri, mtandao ambao haukukatika. Niliyasema yote nikitazama sakafu. Majuto ni mjukuu, husema watu. Wangu alikuwa amekwisha kukua akawa na urefu wangu.

Baba hakunipigia kelele. Aliuliza, "Siku ile kwa Saidi, balisema ipite?"

"Balisema, papa."

"Bote?"

"Bote."

Alitikisa kichwa. "Miye nilikuwa pale. Miye sikusema."

Akalisogeza daftari kwangu juu ya meza, pamoja na biki. Nililikata jina la Trésor. Mstari ulipinda, wino ukaacha doa, na jina la kaka yangu nikalibana juu yake kwa herufi zisizolingana. Halikumrudisha mtu kutoka Kibumba. Baba aliweka kidole juu yake, akalisoma polepole kama anavyosoma kila kitu, kisha akaniambia nisilifunge daftari. Liko pale mezani mpaka leo, limefunguka kwenye ukurasa huo.