Kidirisha Nyuma ya Kabati

Saa tatu asubuhi, miguu miwili inachomoza kwenye kabati la bafuni, ghorofa ya pili. Mwenye miguu yuko ndani, chali, bisibisi mkononi. Anafungua skrubu zisizo zake.

"Hizi sikuzitia mimi," sauti inatoka chini ya sinki. "Zangu ni za shaba. Hizi zimeshaota kutu."

Ni fundi seremala wa miaka arobaini na mmoja, ambaye mtaa mzima humwita Mama Rula kwa ile rula anayoichomeka kwenye nywele. Hutengeneza makabati ya bafuni kwa oda, tangu mchoro wa kwanza hadi bawaba ya mwisho.

Kila kabati lake lina kidirisha nyuma, upana wa shibiri moja, kinachofunguka kwa kidole. Ukikifungua, unaona bomba na ukuta.

Katika jengo hili alipewa oda ya mabafu kumi na manne, kazi ya miezi saba. Alipofunga makabati mawili tu, hili likiwamo, msimamizi wa jengo akaagiza vidirisha vizibwe kwa plaiwudi na silikoni. Mama Rula akakataa. Msimamizi akaleta fundi mwingine, ambaye aliviziba, akapewa na yale makabati kumi na mawili yaliyobaki.

"Aliniambia wapangaji wakiona ukuta watauliza maswali," anasema. "Nikamwambia, kumbe unajua kuna maswali!"

Tangu hapo anaishi kwa rafu za sabuni na vigoda vya kuogea. Mapato yake yamepungua kwa zaidi ya nusu.

Ukaidi wake una chanzo. Miaka kumi na sita iliyopita alimtengenezea shangazi yake kabati, zuri, mgongo umezibwa kabisa. Bomba likavuja kwa nyuma miaka miwili. Ndugu walikuja wakiziba pua, wakamsema shangazi kuwa hajui usafi.

"Alisugua bafu lile mpaka mikono ikachubuka. Kumbe harufu ni yangu mimi. Nililivunja kwa nyundo, shangazi amekaa juu ya ndoo ananitazama. Afadhali angenitukana."

Siku hizi hukaa bafuni kwa mteja saa nzima kabla ya kushika penseli. Huuliza nani mfupi, nani hutumia mkono wa kushoto, maji yanaingilia wapi. Hupima vigae vikishabandikwa, si kabla. Huchora bomba kwanza, kisha kabati kulizunguka.

Leo ameitwa na mpangaji, mama wa mapacha wa miaka minne. Tangu kidirisha kizibwe, miezi mitano iliyopita, mapacha hawaachi kukohoa. Wiki jana mama yao alipokea barua ya onyo kutoka kwa msimamizi: bafu linanuka kwa uchafu wake.

Plaiwudi inatoka. Ukuta ni mweusi kwa ukungu, plasta inamenyeka kwa ukucha.

"Haya, dada, njoo uone uchafu wako."

Mpangaji anainama. Anacheka kicheko kikavu. "Na nilivyosugua mimi!"

Msimamizi anafika akipanda ngazi mbili mbili. "Nani kakuruhusu kugusa mali ya jengo?"

"Anayeoga humu."

"Fundi, acha kiherehere. Yale kumi na mawili milango haifungi. Rudisha hiyo plaiwudi, nikupe uyatengeneze yote upya."

Ni miezi sita ya kazi. Mama Rula anachomoa rula, anaisimamisha kwenye weusi.

"Sentimita kumi na tisa," anamwambia mpangaji. "Andika, na tarehe. Piga picha, rula ionekane." Kisha anageuka. "Nitayachukua yote, bosi. Ila nitaanza kwa kutoboa."

Msimamizi anashuka. Safari hii, ngazi moja moja.

Mpango wa Mama Rula ni kugonga milango yote iliyobaki. Kutoboa kidirisha ni dakika arobaini, na hatatoza kitu.

Hajamaliza kukusanya vifaa, mlango wa jirani unafunguka. Bibi mmoja anachungulia, sauti ya chini.

"Fundi, hata kwangu kunanuka. Nilikuwa naona aibu kusema."

Mama Rula anarudisha rula kwenye nywele. "Sinki liko upande gani, bibi?"